Mpimamto na Yule Mwingereza

Siku Mwandishi alipogawa karatasi za kumtosa Mpimamto, chai ilipoa mezani na hakuna aliyeigusa.

Mpimamto alikuwa nahodha wa kubuni. Mwandishi ndiye aliyemzaa kwa kalamu: mtu mrefu, mkaidi, mwingi wa utani, anayepanda na chombo chake mto ambao hakuna aliyewahi kuuona mwisho wake. Kila Jumamosi alasiri, redio ikianza kutoa mlio wa kasia, vinyozi walizima mashine zao na wafuaji wakaacha nguo kwenye beseni. Watu walimpenda Mpimamto kama mjomba wao. Alipougua homa katika mchezo, wapo waliopiga simu kituoni kuulizia hali yake na kupendekeza dawa.

Aliyempa sauti alikuwa mdogo wake Mwandishi, aliyemfuata moja kwa moja, tumbo moja. Jina lake halisi lilikuwa limeshasahaulika. Kila mtu alimwita Sauti. Hata akiagiza kilo ya sukari dukani, wateja wengine walinyamaza wamsikilize. Naye alilijua hilo, kwa hiyo aliagiza polepole.

Asubuhi ile waigizaji walikuwa wamekaa kuizunguka meza ya studio, iliyotandikwa kitambaa kizito ili karatasi zisikwaruze. Ukutani kulikuwa na mazulia kuukuu ya kumeza mwangwi. Pembeni palikuwa na beseni la maji na kasia fupi, sinia la kokoto, na kiti kibovu ambacho ukikikalia kinalia kama mbao za chombo. Sauti alisoma mpaka ukurasa wa mwisho, akazifunga karatasi, akazisukuma mbele kwa kidole kimoja.

"Wananishusha," alisema. "Mimi na binti yangu. Kwenye kimashua."

"Ndiyo," Mwandishi alijibu.

"Bila kasia."

"Bila kasia."

"Na mpishi, mpishi niliyemwokoa kwenye maporomoko, ndiye anayeongoza uasi."

"Umesoma vizuri."

Sauti alicheka kicheko cha puani. "Dada, huyu mtu umemwonea. Kila mtu hapa anajua umemwonea. Mpimamto hajamkosea mtu."

Alimwita Dada hata akiwa amefura. Hilo ndilo lililomkera Mwandishi kuliko matusi, kwa sababu lilimpa mdogo wake sura ya mtu mwenye adabu.

"Yametokea kweli," alisema. "Hudson, yule baharia Mwingereza. Mwaka 1611. Aliingia kwenye ghuba kubwa akitafuta njia ya kwenda Mashariki, barafu ikamfungia kipupwe kizima. Ilipoyeyuka, yeye akataka kuendelea, mabaharia wakataka kurudi kwao. Wakampakia kwenye mashua ndogo yeye na mwanawe na watu wachache, wengine wagonjwa, wakakata kamba. Hakuonekana tena."

"Mpimamto si Hudson."

"Basi kuanzia leo amefanana naye."

Fundi wa sauti, mwanamke mpole aliyezoea kufanya kazi na soksi tu ili viatu visisikike, alitazama kucha zake. Mama aliyeigiza sauti ya binti wa nahodha, mtu mzima mwenye watoto wakubwa lakini koo la msichana, aliomba ruhusa kwenda kunywa maji. Kila mmoja mle ndani alijua kwamba ugomvi ule haukuzaliwa mtoni.

Ulizaliwa nyumbani kwa mama yao.

Mwandishi hakuwahi kuolewa, na mama alipoanza kudhoofika ndiye aliyebaki naye. Alimuogesha, akampikia uji, akaandika vipindi vyake mezani huku mlango wa chumba cha mgonjwa ukiwa wazi. Daktari alipoona uvimbe tumboni, alisema mama apasuliwe. Mama akakataa. Alikataa akiwa na akili zake timamu, ameketi kitandani amejifunga kitambaa kichwani, kama mtu anayekataa kuongezewa wali. Kisha akamshika Mwandishi mkono: "Usiwaambie wenzako. Watakuja wote kunililia hapa mpaka nikubali, na mimi sitaki kufa nikiwa wazi kama samaki." Mwandishi akawaambia wadogo zake kwamba daktari ametoa dawa, wavute subira.

Baada ya maziko Sauti alikutana na daktari yule kwa bahati, wakapeana pole, na katika maneno mawili matatu likatoka hilo la upasuaji. Sauti hakumuuliza dada yake. Aliwaita ndugu wengine, wakakaa, wakakata shauri. Mwandishi alirudi kutoka sokoni akakuta kitanda chake, meza yake na masanduku yake yako barazani. Nyumba imeshapata mpangaji, akaambiwa; yeye ni mtu mzima, ana kazi, atajitafutia pa kukaa. Hakuna aliyempigia kelele. Vitu vilikuwa vimefungwa kwa kamba vizuri kabisa, vyombo vimeviringishwa kwenye magazeti kimoja kimoja. Uzuri ule wa kufunga ndio uliomchoma. Watu waliofunga vile walikuwa wamepata muda wa kufikiri, na bado hawakufikiri kumuuliza.

Kama wangemuuliza, angewaambia. Hawakuuliza, naye akaapa hawatalisikia kinywani mwake. Alihamia vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu. Tangu siku hiyo yeye na Sauti walizungumza kwa njia ya Mpimamto tu: mmoja anaandika, mwingine anasoma, salamu hakuna.

Kesho yake Sauti alifika studio mapema, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alikuwa amesoma usiku kucha, macho mekundu, na amejaa Hudson mpaka kooni.

"Nimemsoma mtu wako," alisema kabla hajaketi. "Watu wake walimshuku anaficha mkate. Wenzake wana njaa, yeye anajiwekea, na anawapa anaowapenda. Baharia mmoja alikufa, koti lake nahodha akaahidi kumpa mtu, kisha akageuka akampa mwingine. Katikati ya baridi ile, Dada! Koti! Na alikuwa hawaambii wenzake anakowapeleka. Sasa niambie Mpimamto aliwahi kuficha nini. Unga ulipokwisha si alimega kipande chake akawapa wapiga kasia? Wewe mwenyewe uliandika kipindi hicho. Nilikisoma nikalia."

"Ulilia kwa sababu ulijipenda."

"Nililia kwa sababu kilikuwa kizuri! Na sasa unamnyonga mtu mwema kwa kamba ya mtu mbaya."

Mkuu wa vipindi alikuwa amesimama mlangoni, tai imelegea, kikombe mkononi. Mtu huyu alipima kila kitu duniani kwa idadi ya simu zinazopigwa kituoni. Alikuwa ameshasikia fununu za ugomvi, na badala ya kuuzima, macho yake yaling'aa kama ya paka aliyeona kitoweo.

"Mnayasema haya humu ndani bure," alisema. "Yasemeni hewani. Kesho asubuhi, kipindi cha wazi. Nahodha wa kubuni na nahodha wa kweli: nani alistahili mashua? Mimi nitaongoza. Wasikilizaji wapige simu."

"Sitaki," alisema Mwandishi.

"Mimi nataka," alisema Sauti.

"Ukikataa atakuwa peke yake kwenye kipaza sauti," Mkuu alimwambia Mwandishi kwa upole, kama anayemsaidia. "Utamwachia?"

Hakumwachia.

Asubuhi iliyofuata walikaa ubavu kwa ubavu katika chumba kidogo cha matangazo ya moja kwa moja, viwiko vikikaribia kugusana, wala hawakutazamana. Fundi wa sauti alikuwa upande wa pili wa kioo. Taa nyekundu ikawaka. Mkuu akawakaribisha kwa sauti ya sherehe, akauliza swali lake, akamtupia Sauti.

Sauti alikuwa kwenye uwanja wake. Aliongea kama anayemwaga asali. Aliwasimulia wasikilizaji jinsi Hudson alivyopanda mto ambao leo unaitwa kwa jina lake, akitumaini utamtoa upande wa pili wa dunia, mpaka maji yakawa haba akalazimika kugeuza. Akasimulia barafu, njaa, mkate, koti. Akamweka Mpimamto kando yake: huyu anaomba ushauri, yule anaficha, huyu anamega, yule anabania. "Ndugu zangu, mnamjua Mpimamto. Kuna siku aliwahi kuwaficha wenzake jambo?"

"Hapana!" alidakia Mkuu, kana kwamba yeye ndiye taifa zima.

"Mdogo wangu," Mwandishi alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sauti yake na ya nduguye zikakutana mahali pamoja, "hayo ya mkate umeyatoa wapi?"

"Yameandikwa."

"Na nani?"

"Na mabaharia wake. Waliokuwepo."

"Waliorudi," alisema Mwandishi. "Sema waliorudi. Nahodha hakurudi, mwanawe hakurudi, wagonjwa hawakurudi. Waliorudi ni wale waliobaki ndani ya meli kamba ilipokatwa. Sasa mtu amemtosa nahodha wake majini, amefika kwao, anaulizwa nahodha yuko wapi. Ulitaka aseme nini? Kwamba alikuwa mtu mwema, ila sisi tulichoka? Lazima aseme alikuwa anaficha mkate."

"Kwa hiyo walimsingizia?"

"Sijui. Na wewe hujui. Huenda alificha kweli. Huenda alikuwa mkaidi, mgumu, na alipendelea watu. Lakini hakupewa nafasi ya kujieleza, akashushwa. Mpimamto unamwona mwema kwa sababu mimi nilimwandika mwema. Hana kosa kwa sababu sikumpa kosa. Ningetaka awe mwizi, wewe ungeiba na sauti yako hiyo hiyo, na watu wangekupigia makofi. Yule Mwingereza hakuwa na mtu wa kumwandikia."

Mkuu alitaka kuingiza neno, lakini Mwandishi alikuwa ameshika kasi na hakuweza kusimama.

"Tena kulikuwa na seremala kwenye meli ile. Waasi walimtaka abaki, walihitaji ufundi wake. Akakataa. Akachukua sanduku lake la vifaa akashuka kwenye mashua pamoja na nahodha, kwa miguu yake mwenyewe. Mmoja alipatikana. Kuna mahali pengine, mdogo wangu, hata seremala mmoja hakupatikana."

Sauti aligeuka. Uso ulikuwa umemwiva.

"Seremala alijua anachokifuata," alisema, na asali yote ilikuwa imemkauka. "Wewe nani angekufuata, na ulimficha kila mtu? Ulimfungia Mama chumbani ukatuambia anapewa dawa. Daktari alitaka kumpasua, Dada! Angekuwa hai! Ulikaa juu ya siri ile kama kuku juu ya yai, ukamwangalia akifa, halafu unakuja hapa kutuambia habari za mkate!"

Kisha fundi, nyuma ya kioo, akabonyeza kitufe cha kwanza alichokiona. Ukaanza wimbo wa harusi.

Simu zililia kama wehu. Mmoja alilia, mmoja alitukana, na mzee mmoja aliuliza kama huyo Bwana Hudson naye ataletwa wiki ijayo ajitetee.

Mwandishi alimfuata nduguye hadi kwenye korido, karibu na mashine ya maji. Kiapo chake chote kilikuwa kimevunjika kama kigae.

"Mama ndiye aliyekataa," alisema. "Sikiliza. Alikataa mwenyewe. Daktari aliponipa karatasi nilimpelekea, akazisukuma. Akaniomba nisiwaambie kwa sababu mngemlilia. Aliogopa kisu. Aliogopa na aliona haya kuogopa. Hiyo ndiyo siri niliyoikalia."

Sauti alimtazama. Alikuwa na macho ya mama yao, yale yale mazito ya kope, na Mwandishi akaona kitu kimepita ndani yake, kama mtu anayepita nyuma ya pazia. Kisha kikapotea.

"Hiyo nayo umeiandika lini?" aliuliza.

Mwandishi alirudi hatua moja, mgongo ukagusa ukuta.

"Ni nzuri," Sauti alisema. "Aliogopa na aliona haya kuogopa. Kweli una kipaji, Dada. Ungeniandikia niisome, ningewaliza watu." Akajaza maji kwenye kikombe cha karatasi, akanywa yote, akakiponda kikombe mkononi. "Mama hakuwahi kuogopa kitu."

Akaenda zake.

Mchezo ulipaswa kurekodiwa alasiri ile ile, Jumamosi ilikuwa mlangoni. Mwandishi alidhani nduguye hatakuja, akajikuta anaombea asije. Alikuja. Alivua koti, akasimama mbele ya kipaza sauti, akasema, "Tuanze," basi. Aliyekosekana ni mwigizaji wa mpishi, ambaye mafua yalikuwa yamemkausha koo. Alipojaribu kusema neno "nahodha" alitoa mlio wa bawaba. Mkuu wa vipindi hakusita hata kidogo.

"Mwandishi asome sehemu ya mpishi mwenyewe. Maneno si yake?"

Ndivyo walivyojikuta uso kwa uso, kipaza sauti kimoja kati yao. Fundi wa sauti alipiga magoti kando ya beseni na kasia lake, soksi zake zimelowa. Taa ikawaka. Maji yakaanza kuchezacheza. Kiti kibovu kikalia.

"Shuka, Nahodha," alisoma Mwandishi.

"Mpishi, nilikutoa kwenye maporomoko kwa mikono hii."

"Ulinitoa ukanipeleka kwenye mengine. Tumechoka na mto wako. Shuka."

Alisoma vizuri kuliko alivyotarajia. Chuki ilikuwepo tayari, haikuhitaji kuigizwa. Mama mwenye koo la msichana alilia kilio cha binti wa nahodha, na Sauti akasema maneno yake ya kumtuliza mtoto kwa namna iliyomfanya fundi afumbe macho. Kwa mujibu wa karatasi, hapo nahodha alipaswa kuwalaani waasi, ambebe binti yake, ashuke. Sauti aliinua karatasi ile, akaiacha ianguke taratibu juu ya zulia.

"Mwache binti yangu abaki," alisema.

Haikuwa imeandikwa. Mwandishi alitazama ukurasa, akakuta mpishi hana neno. Alimtazama fundi, fundi alitikisa kichwa kwamba mashine inaendelea, asisimame.

"Hana kosa," Sauti aliendelea. "Ugomvi wenu ni na mimi. Mwacheni aishi."

Mtu mwenye huruma angejibu: haya, abaki. Ingegharimu pumzi moja. Lakini Mwandishi aliona jinsi mdogo wake alivyosimama mbele yake, kidevu juu, akingoja dada yake aonekane mkatili mbele ya nchi nzima au amwachie mchezo wake mwenyewe. Akashikwa na hasira ya kale kabisa, ile ya utotoni, ya kunyang'anyana mto wa kulalia.

"Ashuke naye," alisema.

"Umemuuliza yeye anataka nini?"

Maji yaliendelea kuchezacheza kwenye beseni. Mwandishi alijua hazungumzi tena na Mpimamto.

"Nilimuuliza," alisema. Koo lake lilikuwa limekwaruza, likawa kweli koo la mpishi. "Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake nikamuuliza tena na tena, mpaka akanikasirikia. Nilimwambia utatuacha. Akasema, basi niacheni niende nilivyo. Hukuwepo. Ulikuwa unatengeneza sauti yako mahali, na mimi ndiye niliyekuwepo, na alisema hivyo."

Mwandishi alingoja. Alingoja kama mtu aliyenyoosha mkono gizani bila kujua atashikwa au atapigwa.

"Mwongo," alisema Sauti.

Alilisema chini sana, karibu na kipaza sauti, bila uigizaji wowote. Kisha akaingiza mguu kwenye sinia la kokoto, akapiga hatua mbili nzito, akaondoka moja kwa moja mpaka mlangoni, na mlango ukajifunga nyuma yake kwa pumzi ndogo ya mpira. Fundi aliacha maji yaendelee kidogo, halafu akainua kasia.

"Mle mtoni hamkuwa na kitanda," alisema kwa upole. "Nikikate?"

Mkuu wa vipindi aligonga kioo kutoka upande wa pili, akafanya ishara kwa mikono yote miwili: msiguse kitu.

Jumamosi mchezo ulirushwa hewani kama ulivyo. Mji ukasimama. Watu walilia mbele ya maduka, na jinsi walivyolia ndivyo walivyomlaani mpishi. Kwa wiki kadhaa Mwandishi hakuweza kununua nyanya kwa amani; akifungua mdomo tu, muuza nyanya anamkazia macho: "Si wewe uliyemtosa yule mtoto?" Mmoja alimpa zilizooza kwa makusudi na akamwambia hivyo waziwazi. Wapo pia waliopiga kituoni kuuliza habari ya kitanda, na Mkuu aliwajibu kwa furaha kwamba vyombo vikubwa huwa na vitanda.

Kitinda mimba wao, aliyeolewa mji mwingine, alipiga simu Jumapili asubuhi. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ya barazani.

"Dada, nimesikiliza mchezo."

"Mm."

"Kile kitanda."

"Mm."

"Ni cha Mama?"

Mwandishi alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuchambua. "Ni cha Mama."

Upande wa pili mtoto alikuwa akigonga sufuria, akakemewa, akaacha.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mlifunga vitu vyangu. Mtu akishafungiwa vitu, aanze kueleza nini?"

"Vyombo ni mimi niliyevifunga," alisema kitinda mimba, na sauti ikamwingia maji. "Nilikuwa nalia nafunga, nalia nafunga. Kaka alisema una roho ya jiwe."

"Na wewe ukakubali."

"Nikakubali." Akavuta kamasi. "Dada, sijui nikuamini. Wallahi sijui. Kaka ananiambia wewe kazi yako ni kutunga. Lakini Mama siku moja nilimpeleka kung'oa jino, akatoroka kwenye benchi. Tulimkuta stendi. Hilo nalikumbuka."

"Usiniamini kwa kunihurumia."

"Sikuhurumii. Bado nina hasira na wewe. Ulipaswa kutuambia hata kama alikukataza. Alikuwa mama yetu wote."

Mwandishi alitaka kumjibu kwa ukali, neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akalimeza, kwa sababu lile alilosema mdogo wake lilikuwa kweli.

"Nitakuja mwezi ujao," kitinda mimba alisema. "Sitalala kwako. Nitakuja tu tuonane."

"Njoo," alisema Mwandishi.

Sauti hakurudi. Alipeleka barua ya mstari mmoja, akahamia kituo kingine, na aliyemwona alimkuta mtulivu, amependeza. Kwa ndugu wengine aliendelea kusema kwamba dada yake alimuua mama yao, na sasa amekiandika kifo hicho upya ili atoke mwema. Kitinda mimba alipojaribu kumwambia habari ya jino na stendi, alimkatia simu, kisha akamtumia ujumbe kwamba asimtafute mpaka atakapochagua upande. Mwandishi naye hakumtafuta. Aliandika mchezo mwingine, wa fundi saa na mkewe, ambao watu waliusikiliza bila kuupenda sana.

Miezi ikapita. Siku moja aliamua kupaka rangi vile vyumba vyake viwili, ukuta ulikuwa umeanza kubanduka kwa unyevu. Alikwenda duka la vifaa vya ujenzi, akasimama katikati ya makopo, mwenye duka akipanda ngazi kumtolea hili na lile. Redio ilikuwa juu ya rafu. Likaja tangazo, na kabla hajaelewa maneno, mwili ulikuwa umeshaitambua sauti ile. Ilikuwa ikisifu rangi. Iliisifu kwa mapenzi, taratibu, kama mtu anayemnong'oneza mchumba: rangi inayokumbatia ukuta, rangi isiyokuacha.

Wateja wawili walinyamaza wasikilize.

"Hii hapa ndiyo anayoitangaza," mwenye duka alisema akiwa juu ya ngazi, akipigapiga kopo kwa kiganja. "Ukitaka ushauri wangu, hakuna kama hii. Imara. Na yule bwana hawezi kusema uongo na sauti kama ile."

Mwandishi alitazama kopo. Alitazama redio. Akahisi machozi yanamjia na kicheko kinamjia, vyote vikigombea mlango mmoja.

"Nipe nyingine," alisema.

"Nyingine ipi?"

"Yoyote isiyokuwa hiyo."

Mwenye duka alishuka ngazi akiguna, akamtolea kopo lenye vumbi kutoka chini kabisa, la kijani kisichopendwa na mtu. Mwandishi alilipokea kwa mikono miwili, akatoka nalo nje kwenye jua, tangazo likiwa bado halijaisha.